"Klachi Imekwisha": Historia ya Msemo wa Gereji na Somo Lake kwa Istilahi

Katika kata ya Kisaka, wilayani Serengeti, kama ilivyo ng'ambo ya Mto Mara wilayani Tarime, dereva anaposema "klachi imekwisha" kila mtu katika gereji humwelewa, au hudhani amemwelewa. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya msemo huo na hasara itokanayo na kuutumia bila uangalifu, hasa katika maandishi ya ofisi.

Gari lilipofika Afrika Mashariki, Kiswahili hakikuwa mikono mitupu. Jina lenyewe, gari, lilikuwa limekwisha kuvuka bahari kutoka Bara Hindi. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini. Ulihamishiwa garini kwa sababu kazi ni ile ile, kuongoza. Lakini klachi haikuwa na mwenzake katika jahazi wala katika mkokoteni. Hakuna chombo cha zamani kilichohitaji kutenganishwa na nguvu zake kwa kitambo kidogo, kisha kuunganishwa nazo tena. Ndiyo maana jina lilikopwa kama lilivyo, likapewa irabu ya mwisho, likaingia katika ngeli ya I-ZI pamoja na gia na breki.

Mkoani Mara maneno haya yalipitia milango kadhaa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka huko meli za ziwa zilileta bidhaa hadi Musoma. Machimbo ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari yalihitaji mitambo na watu wa kuitengeneza. Tena, Wakuria wengi waliingia katika jeshi la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Na Vita Kuu ya Pili, ya 1939 hadi 1945, ilifundisha askari wengi wa Afrika Mashariki udereva na ufundi wa magari. Kwa hiyo istilahi za gereji hazikutungwa mezani. Zilifika kwa masikio, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi. Na sikio ndilo lililotupatia neno kama "shokomzoba".

Hata hivyo, yafaa tutambue jambo moja. Majina ya vipuri yalikopwa, lakini vitenzi vya kueleza ugonjwa wa gari ni vyetu: klachi *huteleza*, *huungua*, *hushika*, *hugoma kuachia*. Utajiri wa lugha hii ya ufundi umo katika vitenzi, na ndimo uchunguzi wetu unamopaswa kuanzia.

Tukumbuke jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Sahani yenye utando wa msuguano hubanwa na springi kati ya gurudumu zito la injini na bamba la kugandamiza. Dereva akikanyaga pedali, sahani huachiwa. Akiinua mguu, hubanwa tena. Utando ukilika, mbano hulegea. Hapo injini huvuma kwa nguvu lakini gari haliongezi mwendo, hasa likiwa na mzigo au likipanda mlima. Harufu ya kuungua husikika. Na mara nyingi gari huanza kushika pedali ikiwa karibu kufika juu. Mafundi hupima hivi: gari likiwa limesimama mahali tambarare pasipo mtu mbele, breki ya mkono imefungwa barabara, huweka gia ya juu na kuachia pedali taratibu. Injini ikizima, klachi inabana. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Jaribio hili halirudiwirudiwi, maana lenyewe huunguza utando.

Lakini gia zikikwaruza wakati pedali imekanyagwa hadi chini, hilo ni tatizo jingine: klachi haiachii, na kosa laweza kuwa katika pedali au katika mafuta yake. Gari likitetemeka linapoondoka, huenda sahani imeingiwa na mafuta, au vishikizo vya injini vimelegea. Yote haya huandikwa kwa sentensi ile ile: "Klachi imekwisha."

Tunaijua ofisi moja ambayo dereva wake aliandika hivyo katika ripoti ya ubovu. Sahani mpya ikaagizwa, gari likalala majuma kadhaa. Lilipofunguliwa, sahani ya zamani ilikutwa nzima. Kilichokosekana ni nafasi ndogo ya pedali kushuka bure kabla haijaanza kusukuma. Kazi ya spana moja ikawa gharama ya fungu zima, kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, usanifishaji umejali sana majina. Tunapendekeza vitenzi navyo vipewe haki yake: *kuteleza* kwa klachi isiyobana, *kutoachia* kwa isiyotengana, *kutetemeka* kwa isiyoshika sawasawa, na *kulika* kwa utando uliothibitishwa kwa macho. Neno *kwisha* libaki kuwa hukumu ya fundi baada ya kufungua, lisiwe ushahidi wa dereva.

Magari mengi madogo yaagizwayo siku hizi hayana pedali ya klachi. Lakini malori bado yanayo, na fomu za ubovu bado zinajazwa. Mfasiri wa kitabu cha gari na mwalimu wa ufundi hawana budi kwenda gereji kwanza, wasikilize, ndipo waandike.