Jeti, Mwinuko na Uhaba: Kabureta ya Gari Dogo katika Historia ya Ufundi Kaskazini-Magharibi mwa Tanzania

Magari madogo ya petroli yaliyoundwa Ulaya katika miaka ya 1950 na 1960 yalipimwa kwa hewa ya nyanda za chini. Kabureta ya Solex, iliyofungwa kwenye Volkswagen na pia kwenye Peugeot 404, ilipitisha petroli katika jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kipimo maalumu na nambari iliyopigwa chapa juu yake. Nambari 125, kwa mfano, ilimaanisha tundu lenye kipenyo cha milimita 1.25. Insha hii inaichukulia nambari hiyo kuwa ushahidi wa kihistoria, na hoja yake ni kwamba katika maeneo kama Runazi, wilayani Biharamulo, ushahidi huo haupaswi kuaminiwa upesi.

Runazi iko juu ya usawa wa Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe lina mwinuko wa mita 1,134. Penye mita 1,300 hewa huwa nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12. Hata hivyo, petroli inayofyonzwa na kabureta haipungui kwa kadiri ileile, na mchanganyiko huzidi petroli kwa takriban asilimia 6. Dalili zake hujulikana bila vipimo: plagi hujaa masizi, moshi mweusi hutoka, gari huishiwa nguvu mlimani na kula mafuta kupita kawaida. Tiba ya kitabuni ni kupunguza jeti, pengine kutoka 125 hadi 120, ambayo ni tofauti ya sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kabureta ya SU, iliyofungwa kwenye Morris Minor, ilikuwa na njia nyingine: fundi alizungusha nati iliyo chini yake, na jeti ikapanda au kushuka dhidi ya sindano.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalilifanya suala hili kuwa la ushindi na kushindwa, kwa kuwa gari lilelile lilipita joto la pwani na nyanda za juu ndani ya siku chache. Kwa dereva wa kawaida wa Biharamulo lilikuwa suala la lita.

Lita hizo zilipanda thamani ghafla. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya pipa la mafuta ghafi duniani ilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978–1979 vilipiganwa katika mkoa huuhuu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi 1979. Fedha za kigeni zikaadimika, vipuri navyo vikaadimika. Kuna kipindi ambacho magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta.

Hapa ndipo nambari ya jeti inapoanza kudanganya. Petroli iliyokaa katika mapipa huja na kutu na uchafu, na uchafu huziba jeti. Njia salama ya kuizibua ni kuipuliza kwa upepo. Njia ya haraka ni kupitisha waya. Lakini shaba ni laini kuliko chuma; waya ukipita mara nyingi, tundu hupanuka ilhali chapa inabaki kusoma 125. Gari linalohitaji 120 kwa sababu ya mwinuko hujikuta likinyweshwa 130. Fundi mwenye ujuzi aliweza kuliziba tundu kwa risasi ya kuchomelea na kulitoboa upya, akipima kwa kuitazama rangi ya plagi: nyeusi ni petroli nyingi, nyeupe ni petroli chache na hatari ya injini kupata joto, kahawia ndiyo inayotakiwa.

Joshua Grace, katika African Motors (2021), ameiweka gereji ya mtaani katikati ya historia ya magari ya Tanzania, na amefanya vyema. Ila sifa ya ubunifu isifunike gharama yake. Waya uleule uliolirudisha gari barabarani uliweza kulifanya linywe zaidi mafuta ambayo hayakuwapo. Ujuzi na uharibifu vilitoka katika kisanduku kimoja cha spana, na mwenye gari hakuwa na njia rahisi ya kuvitofautisha hadi tangi lilipokauka kabla ya safari kwisha.

Magari yaliyotumika kutoka Japani, yaliyozidi kuingia nchini baada ya biashara kulegezwa masharti kuanzia katikati ya miaka ya 1980, yalileta hatua kwa hatua injini zinazopuliziwa petroli kwa umeme, ambamo kihisio hupima hewa na kompyuta hupunguza mafuta bila bisibisi. Kabureta iliondoka polepole kwenye gari dogo, lakini haikuondoka wilayani. Imebaki kwenye pikipiki za bodaboda, na fundi wake bado huzungusha skrubu ya hewa robo kwa robo, sikio likiwa kwenye sailensa, hadi mlio utulie.