Moyo Unaovuja

Mwaka 1991, katika hospitali moja ya Nairobi, niliambiwa kwamba vali ya upande wa kulia wa moyo wangu inavuja. Nikaacha mpira. Usiku nikawa nausikiliza moyo kama mtu asikilizaye mwizi dirishani.

Mashine haikusema uongo. Inge Edler na Hellmuth Hertz walipourekodi moyo kwa mawimbi ya sauti huko Lund, Uswidi, mwaka 1953, waliona mwendo wa kuta na vali tu. Miaka ya 1980 ikaja Dopla ya rangi, na damu yenyewe ikaonekana ikienda na kurudi, nyekundu na buluu. Mwaka 1988 madaktari wa Kijapani walichapisha vipimo vya watu 211 wenye afya. Wengi wao damu kidogo ilirudi nyuma vali ilipojifunga, hasa upande huohuo wa kulia! (Vali ya aota ni habari nyingine, hiyo ikivuja kwa kijana, daktari ana haki ya kuuliza zaidi.)

Daktari mwingine alinieleza hayo mwaka 1993, huku akicheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza ile miaka yangu miwili nimdai nani.