Kuhama toka Oracle kwenda PostgreSQL: chunga makosa yanayonyamaza

Wadau, wengi wakihamisha hifadhidata wanahangaika na majedwali tu, data zikiingia wanashangilia. Mimi nasema kazi ndo kwanza inaanza, maana prosija zilizohifadhiwa humo ndani zinaweza kukubali kuhama halafu zikakudanganya.

Chukua SELECT INTO. Kwenye Oracle, prosija ikitafuta rekodi ikaikosa inapiga kelele: NO_DATA_FOUND. PostgreSQL haisemi kitu! Pale ulipotaka jibu inaweka NULL na kuendelea na safari. Sasa fikiria prosija ya SACCOS inayotafuta asilimia ya riba. Aina ya mkopo haipo kwenye jedwali, asilimia inakuwa NULL, ukizidisha chochote na NULL unapata NULL, mkopo unaandikwa bila riba. Hakuna anayeshtuka mpaka siku ya mahesabu. Rekodi zikiwa mbili ndo usiseme, inachukua ya kwanza tu. Dawa yake ni neno moja, STRICT. Andika INTO STRICT na kelele zinarudi kama zamani.

La pili ndo linaloumiza watu zaidi. Oracle ikidaka kosa kwenye EXCEPTION, kazi zilizokwishafanyika kabla ya kosa zinabaki. PostgreSQL inafuta kila kitu kilichofanyika kwenye bloku hiyo tangu BEGIN yake. Yaani unaingiza malipo 10 kwa mzunguko, EXCEPTION umeiweka nje ya mzunguko, la 7 likigoma yale 6 nayo yanaondoka! Ukitaka yabaki, weka BEGIN na EXCEPTION ndani ya mzunguko, kila lipo na bloku yake. Mashine itachoka kidogo, lakini hela za watu zitakuwa salama. Na usijaribu COMMIT ndani ya bloku yenye EXCEPTION, itagoma.

Majina ni kazi ndogo: DUP_VAL_ON_INDEX inakuwa unique_violation, RAISE_APPLICATION_ERROR inakuwa RAISE EXCEPTION, na badala ya namba za SQLCODE unasoma SQLSTATE ya herufi 5, mfano 23505. Programu ya bure ya Ora2Pg inakubadilishia mengi, ila haijui wewe ulikusudia nini.

Ukikuta WHEN OTHERS THEN NULL, ing'oe kabla hujahama. Huo ni uvivu wa mtu.

Halafu prosija ikikubali kuundwa usiamini bado, kwani PostgreSQL haikagui kama majedwali yaliyotajwa ndani yapo mpaka uiendeshe. Ziendeshe zote kwa data mbovu makusudi: mkopo wa aina isiyokuwepo, namba ya risiti inayojirudia, lipo la 7 lenye tarehe 31 Februari.