Kunyoa nywele kwa makuruti wa jeshi

Kunyoa nywele kwa makuruti ni kanuni ya majeshi mengi duniani inayomtaka kijana anayeingia mafunzoni akatwe nywele fupi sana, mara nyingi kipara, katika saa au siku zake za kwanza kambini. Humhusu anayejiandikisha kuwa askari wa kawaida na vilevile kadeti anayeingia chuo cha maofisa. Makala hii inaeleza asili ya kanuni hiyo, sababu zake, namna inavyotekelezwa na mipaka yake, ikiangalia kwa karibu Kongo na mji wa Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, ambako historia ya kambi na historia ya mji zimeshikana tangu enzi ya ukoloni.

Kanuni yenyewe

Kanuni ina ngazi mbili. Ya kwanza ni ya siku ya kuingia. Kuruti hunyolewa kwa mashine isiyofungwa kichana, kichwa kizima, bila kuulizwa anataka mtindo gani. Ya pili humfuata askari muda wote wa utumishi wake: nywele zisifike masikioni wala kwenye ukosi wa shati, zisizuie kofia kukaa sawasawa, na ndevu zinyolewe. Kiduku, panki, rasta, rangi na michoro ya wembe kichwani hupigwa marufuku.

Katika vyuo vya maofisa, kama vile chuo cha Kananga nchini Kongo, Monduli nchini Tanzania, Lanet nchini Kenya na Kabamba nchini Uganda, kadeti mwenye shahada na yule aliyetoka sekondari huanza wakiwa sawa. Huko West Point, Marekani, kinyozi ni sehemu ya shughuli za siku ya mapokezi. Katika kambi ya Parris Island, kuruti wa kiume wa jeshi la Marines hunyolewa mara tu anapofika, kisha hurudishwa kwa kinyozi mara kwa mara mpaka mafunzo yaishe.

Marudio hayo yanatokana na ukuaji wa nywele. Nywele za kipilipili hukua takriban milimita 8 kwa mwezi, na nywele nyoofu za Wazungu takriban milimita 12. Kwa hiyo kipara cha siku ya kwanza hakidumu, na kambi hulazimika kuwa na kinyozi wake au siku maalumu ya kunyoana.

Historia duniani

Kukata nywele na ndevu kwa ajili ya vita ni jambo la kale. Mwandishi Plutarch alisimulia kwamba Alexander wa Makedonia aliwaamuru askari wake wanyoe ndevu ili adui asipate pa kuwakamatia. Hata hivyo, majeshi mengi ya Ulaya ya karne ya 18 yalitaka kinyume chake: askari alifuga nywele ndefu, akazisuka mkia mmoja nyuma na kuzipaka unga na mafuta. Jeshi la Marekani lilifuta mkia huo mwaka 1801 kwa amri ya Jenerali James Wilkinson. Kanali Thomas Butler alikataa kuukata wake, na kwa ukaidi huo akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Uingereza iliufuta mwaka 1808.

Mashine ya mkono ya kunyolea ilienea katika karne ya 19, na ya umeme ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1920 kupitia kazi ya Mmarekani Leo Wahl. Kichwa kimoja kikawa kinamalizika kwa dakika moja au mbili, na kunyoa kombania nzima kwa siku moja kukawa jambo la kawaida. Vita Kuu ya Kwanza iliongeza sababu mbili nzito: chawa wa kwenye mahandaki, na barakoa za kujikinga na gesi ya sumu, ambazo hazishiki vizuri juu ya ndevu.

Kanuni hizi hubadilika. Mpaka mwaka 1916 askari wa Uingereza alikatazwa kunyoa mdomo wa juu, kwa maana kwamba masharubu yalikuwa lazima. Mwaka 2024 jeshi hilohilo liliruhusu ndevu zilizotunzwa.

Kongo na Lubumbashi

Jeshi la kikoloni la Kongo, Force Publique, liliundwa katika miaka ya 1880 chini ya mfalme Leopold II. Liliwakusanya vijana wa makabila mengi, likawapa kofia nyekundu ya tarbushi na kuwafundisha amri kwa Kilingala, lugha iliyobaki kuwa ya jeshi hadi leo. Kwa kijana wa Katanga anayezungumza Kiswahili nyumbani, kuingia kambini kulimaanisha kubadilisha mavazi, kichwa na hata lugha kwa mara moja. Katika michoro ya Tshibumba Kanda-Matulu, msanii wa Katanga aliyechora historia ya nchi yake katika miaka ya 1970, askari wa wakati huo wanatambulika mara moja kwa tarbushi zao, na mmoja wao mara nyingi ameshika kiboko.

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Kambi yake kubwa ya jeshi iliitwa Camp Massart, ambayo leo ni Camp Vangu. Februari 1944 askari wa Luluabourg, Kananga ya leo, waliasi. Miongoni mwa vyanzo vya uasi huo ilikuwa chanjo waliyoamriwa kuchomwa, ambayo walihofu ni sumu, na misukosuko yake ikafika hadi Katanga. Tukio hilo halikuhusu nywele, lakini lina fundisho kwa kila amri inayogusa mwili wa askari. Askari hao walikuwa wameishi miaka mingi chini ya kiboko, na sindano iliyokuja bila maelezo ya kuaminika waliiona kuwa hatari.

Julai 1960 uasi wa Force Publique ulifika Camp Massart, wanajeshi wa Ubelgiji wakaingilia kati, na tarehe 11 mwezi huo Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Kujitenga huko kulikoma Januari 1963. Katika muda huo Katanga iliunda jeshi lake, Gendarmerie ya Katanga, ambalo makuruti wake walifundishwa na maofisa Wabelgiji kwa desturi zilezile za kambi.

Mwaka 1971 kanuni za kuruti ziliwakuta wasiozitafuta. Baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya tarehe 4 Juni 1969, Rais Mobutu aliwaingiza jeshini kwa lazima. Mwaka huohuo vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, na masomo ya fasihi na sayansi ya jamii yakawekwa Lubumbashi. Kwa wanafunzi hao jeshi lilitumika kama adhabu, na vazi la kuruti likawa alama ya kunyamazishwa.

Leo vijana wa Lubumbashi wanaoitikia wito wa jeshi la taifa, FARDC, hupelekwa katika vituo vya mafunzo vya mikoa mbalimbali, vikiwemo vya Kamina na Kitona. Wito wa Rais Félix Tshisekedi wa Novemba 2022, wakati wa vita na waasi wa M23 huko Kivu Kaskazini, uliwaleta wengi kwenye foleni za kujiandikisha nchini kote.

Sababu zinazotolewa

Sababu ya kwanza ni afya. Mamia ya vijana wanaolala bega kwa bega, wenye maji machache na muda mfupi wa kuoga, huambukizana chawa na fangasi wa kichwani haraka. Kichwa kilichonyolewa huoshwa kwa maji kidogo, na kidonda au uvimbe huonekana mapema.

Faida hiyo isizidishwe. Homa kali ya tifasi huenezwa na chawa wa mwilini, jambo lililothibitishwa na Charles Nicolle mjini Tunis mwaka 1909, na chawa huyo huishi kwenye mishono ya nguo. Katika miaka ya 1990 tifasi iliwashika maelfu kwa maelfu ya watu nchini Burundi, gerezani na katika kambi za waliokimbia vita. Kambi inayonyoa vichwa lakini haichemshi nguo wala haibadilishi mablanketi imefanya nusu ya kazi.

Sababu ya pili ni vifaa. Helmeti hukaa vizuri juu ya kichwa chenye nywele fupi, jeraha la kichwa husafishwa na kushonwa upesi, na barakoa ya gesi huhitaji ngozi isiyo na ndevu ili hewa isipenye.

Sababu ya tatu, ambayo wakufunzi wengi huiona kubwa kuliko zote, ni usawa. Mtoto wa mkurugenzi wa kampuni ya mgodi na mtoto wa mchimbaji wa mtaa wa Ruashi, Lubumbashi, wakikaa kwenye benchi moja la kinyozi, huinuka wakiwa wanafanana. Kikosi hufundishwa hivyo kwamba mafanikio na makosa yatahesabiwa kwa wote. Kijana naye hupata alama ya wazi kwamba amevuka kutoka maisha ya uraiani.

Namna inavyofanyika

Makuruti hupangwa mstari, fulana zikiwa zimevuliwa au shingo zikiwa wazi. Kinyozi huanzia kwenye paji la uso, akasukuma mashine moja kwa moja hadi kisogoni, kisha akarudia kwa mistari inayofuatana mpaka pande zote mbili ziishe. Kuruti huambiwa atangulie kuonyesha kwa kidole kovu, uvimbe au jipu lolote kichwani ili mashine isilijeruhi. Akimaliza hukung'uta mabega, huoga, hupewa sare na namba.

Ugumu huanza pale umeme unapokosekana. Vinyozi wa mitaa ya Kenya na Katuba mjini Lubumbashi hutumia jenereta ndogo au sola, lakini kambi ya porini mara nyingi hurudi kwenye mkasi na wembe. Hapo ndipo hatari ya kiafya huongezeka.

Wanawake

Majeshi hutofautiana sana kuhusu wanawake. Marekani, makuruti wa kike hawanyolewi kipara. Hutakiwa kufunga nywele zisiguse ukosi, ingawa tangu mwaka 2021 jeshi la nchi kavu limewaruhusu mkia mmoja wa nywele. Afrika Mashariki desturi ni kali zaidi. Wasichana wanaoingia Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1963, hukatwa nywele fupi kama wenzao wa kiume. Kwa wanawake wanaosuka au kuunga nywele sababu ya kivitendo ni kubwa: msuko huchukua saa nyingi, hufunika ngozi isioshwe, na helmeti huukandamiza.

Dini na mila

Kichwa kilichonyolewa kina maana kabla hakijafika kambini. Katika jamii nyingi za Katanga na nchi jirani, kunyoa ni alama ya msiba, na mzazi anayemwona mwanawe na kipara huweza kushtuka. Kwa Waislamu, kunyoa ni sehemu ya ibada ya hija na ya akika ya mtoto mchanga.

Mjini Lubumbashi mfano ulio wazi ni wa Bapostolo, waumini wa kanisa lililoanzishwa na Johane Maranke mwaka 1932 huko Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo. Wanaume wao hunyoa kichwa na kufuga ndevu. Kijana wa kanisa hilo akiingia jeshini, mashine ya kichwani haimsumbui. Kinachogusa imani yake ni wembe wa kidevuni. Kwa Rasta na Masingasinga mambo huwa kinyume, kwa kuwa kwao nywele zenyewe hazikatwi. Desemba 2022 mahakama ya rufaa ya Washington iliamuru Marines wawapokee vijana wa Kisingasinga bila kuwanyoa wakati kesi yao ikiendelea, kwa kuwa jeshi halikueleza kwa nini linaruhusu nafuu nyingine za unyoaji na kuwanyima wao.

Afya ya ngozi

Ngozi ya Mwafrika inahitaji uangalifu wa pekee. Unywele wa kipilipili ukikatwa chini kabisa hujikunja na kuchoma ngozi, ukaleta vipele kidevuni, na kisogoni huweza kuacha makovu magumu yanayovimba. Kunyoa kwa mashine na kuacha milimita moja au mbili ni salama kuliko wembe, na askari mwenye tatizo hilo anastahili ruhusa ya daktari.

Chombo kimoja kwa vichwa vingi huhamisha mapunye na maradhi ya damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi siku 7 au zaidi juu ya kitu kikavu. Wembe mmoja utumike kwa mtu mmoja na kutupwa. Meno ya mashine yapigwe brashi na kusafishwa kwa alkoli ya asilimia 70 kati ya kuruti na kuruti. Aliye na kidonda anyolewe mwisho.

Mpaka wa kanuni

Magereza na kambi za mateka zimetumia unyoaji huohuo kuwavunja watu moyo, na ndiyo maana namna ya kuutekeleza ina uzito sawa na kanuni yenyewe. Kanuni halali imeandikwa, inajulikana kabla ya mtu kujiandikisha, inawahusu wote bila upendeleo, na inafanywa na kinyozi mwenye vifaa safi. Kumnyoa askari nusu kichwa ili achekwe, kumnyoa mmoja kwa hasira ya mkufunzi, au kumkwangua kwa wembe uliotumika ni udhalilishaji, hata kama aliyefanya hivyo amevaa cheo.

Jeshi lina haki ya kumtaka kuruti aache nywele zake mlangoni. Nalo lina wajibu wa kumweleza sababu, kulinda ngozi na damu yake, na kumheshimu akiwa kwenye benchi la kinyozi. Makamanda wa Kananga, Kamina na kwingineko wakinunua alkoli na nyembe za kutosha kabla ya kila kundi jipya kuwasili, watakuwa wamewafundisha vijana wao nidhamu tangu saa ya kwanza.