Nishani ya Vita vya Uhabeshi, 1867–1868

Nishani hii ya fedha ilitolewa na Uingereza kwa jeshi la Jenerali Robert Napier, lililotoka Bombay, likashuka Zula kwenye Bahari ya Shamu, likapanda milima hadi ngome ya Magdala. Lilitumwa kwa sababu Mfalme Tewodros II wa Uhabeshi alikuwa amewafunga Wazungu kadhaa, akiwemo konseli wa Uingereza. Ngome ilipotekwa tarehe 13 Aprili 1868, mfalme alijiua. Miswada na vyombo vya kanisa vikaporwa.

Mbele, Malkia Victoria mwenye shela amezungukwa na nyota ya ncha tisa, na herufi tisa za neno ABYSSINIA zimepangwa baina ya ncha hizo. Nyuma, katikati ya shada la majani, jina la askari limechomozwa kwenye fedha yenyewe, kazi ya gharama isiyo ya kawaida; majina ya askari wengi wa Kihindi yaligongwa kwa njia rahisi zaidi.