Masharti ya Kuingia Chuo Kikuu: Habari Zake Tangu Kale

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya shule za sekondari yatangazwapo, nyumba nyingi hujaa furaha, na nyingine huingiwa na simanzi. Mzazi ambaye hakusoma sana huuliza, "Mtoto wangu amefaulu, mbona chuo kikuu hakimtaki?" Naye hujibiwa kwamba alama hazikutosha, au kwamba masomo aliyofaulu siyo yatakiwayo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimwelezi mzazi ni nani aliyeweka masharti hayo, wala kwa nini aliyaweka. Watu wengi hudhani kwamba masharti ya chuo kikuu ni kama majira ya mvua, jambo lisilowekwa na mtu. Sivyo. Yaliwekwa na watu, nayo yamebadilishwa na watu mara nyingi. Na kila yalipobadilika, wako waliopata nafasi na wako walioikosa. Nitaeleza habari hizo kwa kuanza na Uingereza, kwa kuwa masharti ya vyuo vyetu vya Afrika ya Mashariki yalitokana na masharti ya Chuo Kikuu cha London.

Hapo kale, kwa muda wa karne nyingi, nchi ya England ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, yaani Oxford na Cambridge. Tangu mwaka wa 1581, kijana aliyetaka kuingia Oxford alipaswa kwanza kutia sahihi Makala 39 za imani ya Kanisa la Kianglikana. Cambridge walimruhusu kusoma, lakini hakupewa shahada asipokubali imani hiyo. Basi Mkatoliki, na Myahudi, na hata Mprotestanti wa kanisa lingine, wote walikuwa nje, wajapokuwa na akili nyingi namna gani. Tena kulikuwa na kizuizi cha pili. Mafundisho ya vyuo hivyo yalisimama juu ya Kilatini na Kiyunani, na lugha hizo zilifundishwa hasa katika shule za watoto wa wenye mali na cheo. Mtoto wa fundi au wa mkulima angezijifunzia wapi?

Mwaka wa 1826 watu kadhaa walianzisha chuo kipya katika mji wa London, nacho kikafunguliwa mwaka wa 1828. Chuo hicho hakikumwuliza mwanafunzi dini yake. Jambo hilo liliwaudhi wengi, na mwaka wa 1829 Waanglikana wakaanzisha chuo chao katika mji ule ule, yaani King's College. Kisha mwaka wa 1836 Mfalme William wa Nne alitoa hati ya kuunda Chuo Kikuu cha London. Kazi yake haikuwa kufundisha, bali kuwapima waliofundishwa katika vyuo hivyo na kuwapa shahada. Toka mwaka wa 1838, kila aliyetaka kuanza safari ya shahada alipaswa kufaulu kwanza mtihani wa kuingilia.

Hapo ndipo lilipogeuka swali aliloulizwa mwanafunzi mlangoni. Oxford waliuliza, "Unaungama imani gani?" London waliuliza, "Unajua nini?" Mwaka wa 1858 London waliendelea mbele zaidi: wakakubali kumpima mtu bila kujali alisoma chuo gani, hata kama alisoma peke yake nyumbani kwa mwanga wa taa. Oxford nao waliondoa sharti la dini kwa wanafunzi wapya kwa sheria ya mwaka 1854, na sheria ya mwaka 1871 ikaondoa karibu yote yaliyobaki katika vyuo vile vya kale.

Lakini msidhani kwamba haki ilikamilika. London, ambao hawakuuliza dini, bado walimfungia mlango mtu kwa kuwa ni mwanamke. Wanawake hawakukubaliwa kupata shahada zake mpaka mwaka wa 1878, na wanne wa kwanza walizipokea mwaka wa 1880. Oxford walichelewa hata mwaka wa 1920, na Cambridge hata mwaka wa 1948. Twaona basi kwamba watu waweza kuondoa dhuluma moja mlangoni, na ile iliyo karibu nayo wasiione kabisa.

Sasa tuutazame mtihani wenyewe. Mwaka wa 1888 kijana mmoja wa Bara Hindi, Mohandas Gandhi, alifika London kusomea sheria. Akiwa huko aliamua pia kufanya mtihani wa kuingilia wa Chuo Kikuu cha London. Ilimpasa kujua Kilatini, lugha ambayo hakuwa ameisoma kwao. Alichagua Kifaransa kuwa lugha yake ya pili, na tena palikuwa na somo la sayansi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1890 alishindwa katika Kilatini. Hakukata tamaa, alirudia mwaka ule ule, akabadili somo la sayansi, akafaulu. Baadaye Kilatini hicho kilimfaa, maana aliweza kusoma sheria za Warumi katika lugha yake yenyewe, na sheria hizo zilimsaidia kuelewa zile alizozikuta Afrika ya Kusini. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Kilatini kilikuwa upuuzi. Tunaloweza kusema ni hili: kijana yule alikuwa na nauli, na nafasi ya kurudia mtihani. Wangapi wenye akili kama yake hawakuwa nazo?

Mtihani wa London ulikuwa na nguvu nyingine ambayo waliouanzisha pengine hawakuitazamia. Waajiri walianza kuwadai vijana cheti chake hata kwa kazi zisizohitaji shahada. Shule nazo zikapanga mafundisho yao kuufuata. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Na shule hufuata mtihani. Chuo kikuu kikidai Kiyunani, shule hufundisha Kiyunani. Kikiacha kukidai, waalimu wa Kiyunani hupungua. Cambridge waliacha kukilazimisha Kiyunani mwaka wa 1919 na Oxford mwaka wa 1920. Kilatini kilidumu kuwa sharti katika vyuo hivyo viwili mpaka ulipopitishwa uamuzi wa kukiacha mwaka wa 1960.

Na mkondo huo ulifika hata kwetu. Makerere, nchini Uganda, ilianza mwaka wa 1922 kuwa shule ya ufundi yenye wavulana 14, waliojifunza useremala, ujenzi na umekanika. Ilikua kidogo kidogo, na mwaka wa 1945 ikapokea wanawake sita wa kwanza. Wito wa chuo uliokuwa ukisema "Na tuwe wanaume" ukabadilishwa, ukawa "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo". Mwaka wa 1949 Makerere ikawa chuo kishiriki cha London. Wanafunzi wake wakasomea shahada za London, na masharti ya London yakawa ndiyo yanayowahusu. Kijana wa Bukoba, au wa Nyeri, au wa Masaka, alipaswa kufaulu mtihani wa sekondari uliotungwa Cambridge, kwa Kiingereza, na karatasi zake za majibu zilipelekwa huko kusahihishwa.

Jambo hilo lilikuwa na faida na hasara. Faida ni kwamba hakuna aliyeweza kuidharau shahada ya Makerere. Ilikuwa ni ile ile ya London. Hasara ni kwamba mlango ulikuwa mwembamba mno, nazo shule zetu zilijifunza kutazama mbali kuliko kutazama karibu. Mtoto aliweza kueleza vizuri mito ya Ulaya, na mto wa kwao asiueleze.

Uhuru ulipokuja, nchi zetu zilitaka kushika funguo zenyewe. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kikiwa na somo la sheria tu na wanafunzi wasiofikia 20. Mwaka wa 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kikatoa shahada zake chenyewe. Mwaka wa 1970 vilitengana, kila nchi ikawa na chuo kikuu chake.

Tanzania ndiyo iliyothubutu kubadili swali lenyewe. Mwezi wa Novemba 1974, katika mji wa Musoma, viongozi wa chama cha TANU walikata shauri kwamba kufaulu mtihani peke yake hakutoshi. Aliyemaliza kidato cha sita alipaswa kutumika katika Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka isiyopungua miwili, na kupata sifa njema kwa mwajiri wake na kwa chama, ndipo apokewe chuo kikuu. Kusudi lao halikuwa baya. Waliona kwamba msomi asiyewahi kufanya kazi aweza kuwadharau waliomlipia elimu yake, nao walitaka watu wazima wenye ujuzi wapate nafasi. Lakini kulitokea mambo yasiyokusudiwa. Wasichana wengi waliokwenda kazini waliolewa, wakapata watoto, hawakurudi tena masomoni. Na masomo ya sayansi yalikosa wanafunzi wa kutosha. Haikupita miaka mingi, wanawake na wanafunzi wa sayansi wakaondolewa sharti hilo, na katika miaka ya 1980 likaachwa.

Uganda nao walilipima jambo la wasichana kwa mzani mwingine. Tangu mwaka wa 1990 Makerere iliwaongezea wasichana waombao nafasi alama moja na nusu juu ya zile walizozipata. Wako waliolaumu, wakisema mtihani ni mtihani. Wengine walijibu kwamba msichana aliyesoma huku akiteka maji, akipika na kulea wadogo zake, hakukimbia mbio sawa na kaka yake aliyeketi na kitabu. Kila mzazi mwenye watoto wa kiume na wa kike aweza kuyapima maneno hayo nyumbani mwake.

Leo nchini Kenya kiwango cha chini cha kuingilia shahada ni wastani wa C+ katika mtihani wa mwisho wa sekondari. Uganda hudai kufaulu masomo makuu mawili katika mtihani wa juu wa sekondari. Tanzania nayo hudai masomo makuu mawili ya kidato cha sita, na kwa kozi nyingi jumla ya pointi zake isipungue 4. Hicho ni kizingiti tu. Kila kozi ina masharti yake: atakaye udaktari asije bila kemia na biolojia, na atakaye uhandisi asije bila hisabati. Pia iko njia ya stashahada, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina masomo ya maandalizi kwa wale ambao alama zao hazikufika.

Katika habari hizi zote jambo moja ni wazi. Sharti la kuingia chuo kikuu halimhusu kijana wa kidato cha sita peke yake; hushuka likamfikia mtoto wa darasa la chini ambaye hajasikia hata jina la chuo hicho. Shule ya kijiji isipokuwa na mwalimu wa hisabati, mlango wa uhandisi umefungwa kwa watoto wake wote, ingawa hakuna sheria iliyowakataza. Zamani mtu alifungiwa nje kwa maandishi, akamjua aliyemfungia. Siku hizi hufungiwa kwa kukosa mwalimu, akadhani ni udhaifu wake mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, msingoje siku ya matokeo. Mtoto afikapo wakati wa kuchagua masomo, ulizeni: kazi atakayo yadai masomo gani, na je, shule yake inayafundisha? Ikiwa haiyafundishi, liulizeni jambo hilo katika mkutano wa wazazi na katika mkutano wa kijiji, tena lirudieni mpaka mjibiwe.