Chui wa Rangi ya Baiskeli

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa kwa basi hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa masafa ya kilomita 50 hivi. Hapo abiria huacha kusinzia wakaanza kuonyeshana dirishani: twiga wale, ndovu yule, pundamilia kundi zima. Hawakulipa kiingilio ila nauli. Na wanyama wenyewe ni wa rangi ya vumbi na majani makavu, hawana habari na watazamaji wao.

Msafiri huyo akivuka bahari akaingia Mji Mkongwe, akapita Gizenga, atawakuta wanyama haohao wametundikwa milangoni mwa maduka, nao hawafanani hata kidogo na ndugu zao wa Mikumi. Chui mwili wake umeelekea upande, uso kamgeuzia mtazamaji, kakodoa macho kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Ndege mkia wake ni mrefu kuliko tawi alilotulia. Twiga ana madoa ya buluu. Michoro hii yote huitwa tingatinga, na neno hilo leo linajulikana Ulaya na Japani. Vijana wengi hudhani limetokana na lile trekta la kuchongea barabara. Kumbe ni jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, kusini. Katika miaka ya 1950 alitoka kwao akaufuata mkonge wa Tanga. Hapa yafaa tusimame, kwani historia ya mchoro huu ina mkonge kabla ya kuwa na rangi. Wilaya ya Kilosa, ambayo mji wa Mikumi umo ndani yake, nayo ilikuwa nchi ya mkonge. Kimamba na vitongoji vyake, kando ya reli ya kati, vilipokea manamba kutoka mbali, kama Tanga ilivyowapokea. Katika kambi za mashamba hayo mtu wa Tunduru alilala ukuta mmoja na mtu wa Kigoma. Kila mmoja alikuja na ngoma yake na hadithi zake za fisi na sungura. Wako wanaoitafuta asili ya tingatinga katika michoro ya kuta za udongo za Wamakua, na wako wasemao kuwa ni biashara ya mjini tu, iliyozaliwa na fedha ya mgeni. Mimi naona pande zote mbili zimeisahau kambi. Pale mtu hujifunza kumchekesha jirani asiyeijua lugha ya kwao, na chui wa Tingatinga huchekesha bila tafsiri.

Mkonge ulimshinda, au yeye aliuchoka, akaja Dar es Salaam. Alifanya vibarua vya kila namna kabla ya kuanza kuchora mwaka 1968. Hakuwa na mwalimu. Vyombo vyake vilikuwa vya fundi wa mtaani: ubao laini wa dari na rangi ya mafuta iliyotumika kupakia baiskeli. Ubao wa futi 4 kwa 8 ukikatwa vizuri hutoa miraba minane ya futi mbili mbili, wala hakitupwi kipande. Kwanza hupakwa rangi moja ubao mzima, ikaachwa ikauke; kisha mnyama, kisha madoa na nukta. Rangi ile hung'aa, haipauki upesi, na haitaki kuchanganywa sana. Ndiyo maana michoro haina vivuli. Walioisifu baadaye kwa usahili wake wangefaa kumsifu pia muuza rangi.

Alichora na kuuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikuja kununua mahitaji yao. (Duka la Dar es Salaam kubeba jina la mkoa wa Kilosa na Mikumi ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayopendeza.) Soko lilipopanuka aliwaita ndugu na jamaa, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kaspar Tedo na Abdallah Ajaba. Walijifunza kwa kunakili. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu anayekimbia, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Kazi haikufa naye. Wanafunzi walizaa wanafunzi. Mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika palepale Morogoro Stores. Mpata alihamia Kenya, akafariki 1984, na hoteli moja ya kitalii huko Maasai Mara ikapewa jina lake. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuonyeshwa katika televisheni katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huohuo.

Wako wanaodharau kunakili huku, wakasema si sanaa bali ni kiwanda. Sisi wa pwani tusiwe wepesi wa kusema hivyo. Mshairi wetu hupokea bahari aliyoikuta, na vina na mizani asivyovibuni yeye. Humjibu mwenzake kwa kipimo kilekile, wala hakuna amwitaye mwizi. Lakini mtunzi wa utenzi, afikapo mwisho, hujitaja: jina lake, pengine na mji wake na tarehe. Husema wazi kuwa njia ni ya wote na maneno ni yake. Tingatinga naye aliliweka jina lake ubaoni.

Hapo ndipo penye hasara, nayo si ndogo. Jina la mmoja limekuwa jina la bidhaa, na kwa kuwa kila picha yaitwa tingatinga, mnunuzi haoni haja ya kuuliza imechorwa na nani. Wapo wachoraji wa ushirika wanaotia sahihi kwa fahari. Lakini katika maduka ya watalii zipo picha zisizo na jina mbele wala nyuma, na mwenye duka akiulizwa mchoraji, hujibu bila kusita: Tingatinga.